Mwisho wa Matumizi: Historia ya Cheti cha Tovuti

Ilikuwa Septemba 2018, siku ya mwisho ya mdogo wangu wa kike kutuma maombi ya chuo. Tulikuwa steshenari moja karibu na stendi, penye mashine ya fotokopi na kompyuta tatu, foleni imetoka hadi nje. Zamu yetu ilipofika, kijana wa steshenari akaandika anwani ya tovuti, na badala ya fomu tukaletewa ukurasa mtupu wenye alama nyekundu ya hatari. Maneno yalikuwa ya Kiingereza lakini maana yake ilieleweka hata kwa asiyekijua: humu si salama, rudi ulikotoka. Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikamtazama kijana. Yeye wala hakushtuka. "Hiyo kitu inazingua tangu asubuhi, braza. Unabonyeza tu hapa chini, unaendelea." Akabonyeza. Fomu ikafunguka. Mdogo wangu akaandika jina, namba ya mtihani na neno lake la siri, tukalipa, tukaondoka.

Hakuna baya lililotokea. Kesho yake tovuti ilikuwa imerudi kama kawaida. Cheti chake kilikuwa kimeisha muda, basi. Mtu fulani mahali fulani alikuwa amesahau tarehe. Lakini foleni nzima ya siku ile, watu wasiopungua thelathini, ilifundishwa na kijana mmoja kwamba onyo jekundu ni kelele tu. Nikabaki najiuliza: hivi ni nani aliyeamua kwamba cheti cha tovuti kiwe na siku ya kufa? Na kama siku hiyo inajulikana tangu cheti kinapozaliwa, inakuwaje watu wenye akili zao, na mashirika yenye mabilioni, wanaisahau kila mwaka?

Ili tuelewane, tuanze na barua ya mtaa. Ukienda benki kufungua akaunti, karani hakujui. Anakuambia nenda serikali ya mtaa wako ukalete barua ya utambulisho. Mwenyekiti, au mjumbe anayekufahamu, anakuandikia: huyu ni fulani, anakaa hapa, tunamjua. Anabandika picha yako na kugonga muhuri, nusu ya muhuri juu ya picha, nusu juu ya karatasi, ili usije ukabandua sura yako ukabandika ya mwingine. Karani bado hakujui wewe, ila muhuri anaujua. Cheti cha tovuti ndiyo barua hiyo. Tovuti inasema "mimi ndiye benki yako", kivinjari chako kinasema "sawa, barua iko wapi?", na barua inatolewa ikiwa na jina la tovuti, ufunguo wake wa hadharani, na saini ya mkubwa fulani ambaye kivinjari kinamwamini.

Wazo lenyewe lina umri kuliko wengi wetu tunaoandika humu. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza kwamba inawezekana mtu awe na funguo mbili, mmoja wa siri na mmoja wa kumgawia kila mtu. Walidhani funguo za hadharani zingewekwa katika kitabu kimoja kikubwa, mfano wa kitabu cha simu, na mwenye haja angekiuliza. Miaka miwili baadaye mwanafunzi wa MIT aitwaye Loren Kohnfelder akaona dosari: kitabu kitaulizwa na dunia nzima kila dakika, kitaelemewa. Kwa nini mwenye kitabu asimpe kila mtu kikaratasi chake chenye jina, ufunguo na saini, akatembea nacho mwenyewe? Kikaratasi hicho akakiita cheti. Ilikuwa tasnifu ya shahada ya kwanza, wandugu, zile ambazo baadhi yetu tunaziandika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Lakini kikaratasi kilileta tatizo ambalo kitabu hakikuwa nalo. Jina lililo kitabuni unaweza kulifuta. Barua iliyokwisha kutoka ofisini iko mfukoni mwa mtu, na mwenyekiti hana mkono mrefu wa kuingia mifuko ya watu. Kijana aliyeandikiwa barua mwezi wa kwanza akahama mtaa mwezi wa tatu, au akaipoteza ikaokotwa na tapeli, muhuri bado unang'aa. Dawa mbili zilipendekezwa, na zote zimo katika kanuni iitwayo X.509 iliyotolewa mwaka 1988 na chombo cha kimataifa cha mawasiliano ya simu. Dawa ya kwanza ni orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, ambayo kila anayepokea cheti anatakiwa kuisoma. Dawa ya pili ni tarehe mbili ndani ya cheti chenyewe: hakitumiki kabla ya siku hii, hakitumiki baada ya siku ile. Tarehe ya kwanza karibu hakuna anayeijali. Ya pili ndiyo iliyotuletea balaa.

Dawa hizo mbili zinategemeana. Cheti kikishakufa kwa tarehe yake, hakuna haja ya kuendelea kukitaja katika orodha ya vilivyobatilishwa, kinafutwa. Bila tarehe ya mwisho orodha ingerefuka milele. Tarehe ni fagio, kwa maneno mengine, na pia ni ungamo: waliotunga mambo haya walijua fika kwamba hawataweza kukumbuka kila cheti kilichoharibika, basi wakakiamuru kila kimoja kife chenyewe.

Hata uandishi wa tarehe hiyo una vituko vyake. Mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili tu. Kanuni ikabidi iseme kwamba 50 hadi 99 ni miaka ya elfu moja mia tisa, na 00 hadi 49 ni ya elfu mbili, na kuanzia 2050 ziandikwe tarakimu nne. Kwa vyeti visivyo na mwisho unaojulikana, kanuni za 2008 zimeweka tarehe maalumu: 31 Desemba 9999, saa sita kasoro sekunde moja usiku. Hicho ndicho kiama cha kompyuta.

Yote hayo yalikuwa mambo ya wasomi hadi 1995. Mwaka huo kampuni ya Netscape ilitia ulinzi wa SSL katika kivinjari chake ili watu waweze kununua vitu kwa kadi bila namba zao kudakwa njiani. Ghafla kila duka la mtandaoni likahitaji barua ya mtaa, na pakahitajika wenyeviti wa kuiandika. VeriSign ilianzishwa mwaka huo huo kule Marekani. Na huku kwetu Afrika, msije mkadhani tulikuwa watazamaji tu, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Mark Shuttleworth, alianzisha Thawte katika gereji ya wazazi wake, akawa anauza vyeti duniani kote. Desemba 1999 VeriSign iliinunua kwa dola milioni 575. Mwaka 2002 jamaa akapanda roketi ya Warusi akaenda angani kwa fedha zake. Biashara ya kugonga mihuri ilimfikisha huko.

Nakubali hapa nina kinyongo kidogo. Vyeti viliuzwa kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu, na tarehe ya mwisho iliyobuniwa kwa ajili ya usalama ikageuka siku ya kodi. Mwenye tovuti alijaza fomu, akatuma karatasi za kampuni, akalipa, akapewa cheti, akakiweka kwenye seva, akasahau. Kukumbushwa kulikuwa kwa baruapepe iliyotumwa kwa mtu aliyejaza fomu mwaka juzi. Mtu huyo mara nyingi ameshahama kazi. Ujumbe unafika katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Ndipo wenye kuchoka kuamshwa usiku wakaanza kuandika programu za kukumbuka kwa niaba yao. Waaustralia wawili, Eric Young na Tim Hudson, walikuwa wametengeneza maktaba ya bure ya SSL, na mwishoni mwa 1998 wengine wakaiendeleza kwa jina la OpenSSL. Humo mna amri ndogo ya kuuliza: cheti hiki kitakuwa kimekufa baada ya sekunde kadhaa? Unaipa sekunde 2,592,000, ambazo ni siku 30, inakujibu ndiyo au hapana. Mwaka 1999 ikatoka programu ya ulinzi iliyokuja kuitwa Nagios, ambayo kazi yake ni kuzunguka kwenye seva zako kama mlinzi wa usiku mwenye tochi. Mlinzi huyo alifundishwa na hili pia.

Kazi anayoifanya ni nyepesi ajabu. Anabisha hodi kwenye mlango namba 443 wa seva. Seva, kabla ya maongezi yoyote, inalazimika kutoa cheti chake. Mlinzi anasoma tarehe ya mwisho, anatoa tarehe ya leo, zikibaki siku chache kuliko ulizomwambia anapiga kelele, kisha anaaga. Hajazi fomu, haulizwi neno la siri. Ni kazi ya sekunde moja. Kama ofisi ile ya maombi ya chuo ingekuwa na mlinzi wa namba hii, kijana wa steshenari asingekuwa na la kutufundisha.

Tatizo ni kwamba mlinzi hulinda milango aliyoonyeshwa. Mwenye nyumba akisahau kwamba ana mlango wa uani, mlinzi atajulia wapi? Tarehe 22 Februari 2013 huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili, Azure, ilisimama dunia nzima kwa sababu ya cheti kilichoisha. Microsoft, wandugu, waliokuwa na walinzi wa kila aina. Tarehe 6 Desemba 2018 wateja milioni 32 wa kampuni ya simu ya O2 kule Uingereza walikosa intaneti kwa karibu siku nzima, na hata vibao vya vituo vya mabasi vya London vinavyosema basi litafika lini vikachemsha. Chanzo kilikuwa cheti kilichoisha ndani ya programu ya mitambo ya Ericsson, mahali ambapo mwenye mtambo hakuwahi kufikiri kwamba kuna cheti.

Lakini kisa kinachonikosesha usingizi ni cha Equifax, kampuni ya Marekani inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Walikuwa na mtambo wa kufungua na kukagua mawasiliano yanayopita, kutafuta wezi. Ili ufungue mawasiliano yaliyofungwa unahitaji cheti, na cheti cha mtambo huo kilikuwa kimeisha. Hakuna ukurasa mwekundu uliotokea. Hakuna mteja aliyelalamika. Mtambo uliacha tu kukagua, mawasiliano yakawa yanapita bila kutazamwa, kila kitu shwari. Wezi waliingia Mei 2017 wakachota kwa siku 76. Tarehe 29 Julai 2017 mtu akaweka cheti kipya, na siku hiyo hiyo mtambo ukaanza kuona mambo ya ajabu yanapita. Ripoti ya kamati moja ya Bunge la Marekani, iliyotoka Desemba 2018, ilisema cheti hicho kilikuwa kimeisha kwa miezi 19, na kwamba kampuni hiyo ilikuwa na vyeti visivyopungua 324 vilivyokwisha muda. Taarifa za watu wapatao milioni 148 zilikuwa zimekwenda. Tumezoea kudhani cheti kikifa mlango hufungwa. Kumbe pengine kikifa jicho ndilo linalofumba.

Hadi hapo unaweza kuona, msomaji, kama kwamba adui ni usahaulifu peke yake. Sivyo. Kuna kibaya kuliko cheti kilichokufa, nacho ni cheti kilicho hai mikononi mwa mwizi.

Kiangazi cha 2011 kampuni ndogo ya Uholanzi, DigiNotar, iliyokuwa miongoni mwa wenye mihuri wanaoaminiwa na vivinjari vyote, iliingiliwa. Wavamizi walijigongea vyeti zaidi ya 500, na kimoja, cha tarehe 10 Julai, kilikuwa cha majina yote ya Google. Kikapelekwa kutumika Iran. Mtu alifungua barua zake za Gmail akaona kufuli lake pale juu, akaandika neno la siri, na aliyekuwa katikati akasoma kila kitu. Anwani za intaneti zipatazo 300,000, karibu zote za Iran, ziligusa cheti kile. Sote tunajua kwamba katika nchi nyingine barua ya mtu ikisomwa hasara yake si aibu tu. Siri ilifichuka mwishoni mwa Agosti kwa sababu Mwirani mmoja alitumia kivinjari cha Chrome, ambacho Google ilikuwa imekikaririsha funguo za nyumbani kwake, kikakataa. Akauliza hadharani kulikoni. Septemba DigiNotar ikafilisika.

Sasa tazama tarehe. Cheti kile cha uongo kingeisha Julai 2013. Programu yoyote ya kukagua muda ingekisoma na kusema: salama, bado karibu miaka miwili. Mdogo wangu pale steshenari alikemewa kwa cheti cha kweli kilichopitwa na siku, na Wairani wale wakafunguliwa mlango kwa cheti cha uongo chenye afya tele. Sisemi hivi kuwakejeli wakaguzi. Nasema tarehe haijui uaminifu. Inajua kalenda.

Basi na ile dawa ya kwanza, orodha ya waliobatilishwa? Hiyo ilikuwa imeshaoza. Kivinjari kilitakiwa kuuliza kwa mwenye muhuri kama cheti bado ni kizima, lakini jibu likichelewa vivinjari vingi viliamua kuendelea tu, maana wenye kutoa majibu walikuwa wazito na watumiaji hawana subira. Na anayekuvizia njiani hashindwi kulizuia swali lako. Adam Langley wa Google alifananisha ukaguzi huo, Februari 2012, na mkanda wa gari ambao siku zote uko imara isipokuwa siku ya ajali. Aprili 2014 likaja tundu la Heartbleed katika ile ile OpenSSL, funguo za siri zikaweza kunyonywa kutoka seva nyingi duniani, vyeti vikabatilishwa kwa wingi, na vivinjari vingi havikuwa na habari.

Kutokana na hayo zikatoka njia mbili. Njia ya kwanza ni daftari la wazi. Mwaka 2013 Langley na wenzake Ben Laurie na Emilia Kasper waliandika kanuni kwamba kila cheti kinachotolewa kiandikwe katika daftari linalosomwa na yeyote na lisilofutika, na kuanzia Aprili 2018 Chrome ikawa inavikataa vyeti vipya visivyoandikwa humo. Kwa wakaguzi wetu wenye tochi hii ilikuwa neema. Huhitaji tena kumpa mlinzi orodha ya milango kwa kumbukumbu zako mbovu, unampa jina lako tu, anapekua daftari na kukuletea vyeti vyote vilivyotolewa kwa jina hilo, pamoja na kile alichokiomba mfanyakazi wako wa zamani mwaka ule akaingia mitini, na pamoja na kile ambacho hakuna kwenu aliyekiomba. Mwaka huo huo wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za kawaida za intaneti kwa muda usiofika dakika 45. Yaani mtaa mzima wa dunia, mlango kwa mlango, kabla chai haijapoa.

Njia ya pili ni kufupisha maisha. Kama hatuwezi kumwita aliyepotea, basi asiishi sana. CA/Browser Forum, ambamo wenye mihuri hukaa meza moja na wenye vivinjari, iliweka ukomo wa miezi 60 mwaka 2012, ikashuka hadi miezi 39 mwaka 2015, siku 825 mwaka 2018, na Septemba 2020, baada ya Apple kutangaza kwamba yenyewe haitakubali zaidi, siku 398.

Hapo ndipo walipoingia jamaa wa Let's Encrypt. Josh Aas na Eric Rescorla walikuwa wanatoka Mozilla, Alex Halderman Chuo Kikuu cha Michigan, na Peter Eckersley, ambaye alifariki mwaka 2022, alikuwa wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni. Novemba 2014 walitangaza kwamba watatoa vyeti bure, na Septemba 2015 wakatoa cha kwanza. Bure ndiyo iliyosifiwa, lakini kwa macho ya historia jambo kubwa lilikuwa siku 90. Watu walilalamika: mara moja kwa mwaka tunasahau, mnataka mara nne? Jibu lao lilikuwa kwamba ndiyo maana. Binadamu anaweza kujidanganya kwamba atakumbuka jambo la mwaka ujao, ila kwa jambo la kila miezi mitatu hadanganyiki, atatafuta programu. Programu ikawepo, Certbot. Inaamka mara mbili kwa siku, inatazama cheti, kikibakiwa na siku 30 inaomba kipya, inathibitisha kwamba seva ni yako, inakiweka. Wewe unauchapa usingizi.

Kuna kisa kimoja cha Let's Encrypt ambacho wenye simu za mtumba tulikipitia bila kujua. Kwa kuwa ilikuwa ngeni, simu za zamani hazikuujua muhuri wake, hivyo ilijificha nyuma ya muhuri wa mzee aliyezoeleka, cheti cha IdenTrust cha mwaka 2000, ambacho kilikuwa kife tarehe 30 Septemba 2021. Novemba 2020 walieleza kwamba asilimia 33.8 ya simu za Android duniani zilikuwa na toleo la zamani kuliko 7.1, ambalo lisingeujua muhuri mpya. Simu hizo ziko mifuko gani? Si za California. Suluhisho walilolipata lilinichekesha: IdenTrust ilikubali kuwasainia hadi 2024, yaani kupita siku ya kufa kwa mzee mwenyewe, kwa sababu Android za zamani, zikishamwamini mkubwa, hazitazami tarehe yake ya mwisho. Ilipofika siku yenyewe, mashine nyingine zenye OpenSSL ya zamani ndizo zilizokwama. Simu za mtumba zikaendelea kupeta.

Aprili 2025 CA/Browser Forum ilipiga kura juu ya pendekezo la Apple, hakuna aliyepinga, na ngazi nyingine tatu za kushuka zikapangwa: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Siku 47 maana yake ni mara nane au zaidi kwa mwaka. Hakuna ofisi itakayofanya hivyo kwa fomu na karani. Na tarehe 4 Juni 2025 Let's Encrypt iliacha kutuma baruapepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Walisema wateja wao wengi wana programu za kuhuisha, gharama ni kubwa, na kuhifadhi mamilioni ya anwani za watu ni hatari nayo.

Barua zile nilizizoea. Ninatunza tovuti ndogo ya kikundi chetu cha maigizo, na nilikuwa najiona mjanja kwamba Certbot inanifanyia kazi. Siku moja jamaa akanipigia: tovuti yenu nyekundu. Nikafungua seva, nikasoma faili la cheti: kipya kabisa, siku 60 na ushee. Nikamwambia tatizo liko kwako. Kumbe nimechemsha mimi. Certbot ilikuwa imeomba kipya na kukiweka mahali pake, lakini seva ilikisoma cha zamani siku ilipowashwa na haikuwa imeambiwa isome tena. Faili jipya, kichwani bado la zamani. Mkaguzi wangu alikuwa ndani ya nyumba akihesabu makaratasi kabatini, badala ya kusimama barabarani na kubisha hodi kama mgeni. Tangu hapo nimemweka kwenye kompyuta nyingine kabisa, kwa mtandao mwingine. Kila alfajiri anabisha, anasoma anachoonyeshwa, ananiandikia namba moja.

Juzijuzi mdogo wangu alinipigia simu usiku kutoka anakofundisha. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, simu yake ilikuwa imezima, sasa imewaka na tovuti ya kikundi chetu inamletea ule ukurasa wa hatari. "Kaka, nibonyeze nisonge mbele?" Nikamwambia ngoja kwanza. Nikatazama namba ya alfajiri ile: siku 61. Nikabisha hodi mwenyewe: siku 61. Nikamwuliza simu yake inasema leo ni tarehe ngapi.

Akakaa kimya kidogo, nadhani anatafuta.

"Moja Januari, 2015," akasema.

Kwa simu yake, cheti chetu kilikuwa hakijazaliwa.